Nipe Mji

Mimi, Tumsifu wa Elineema, Kiranja Mkuu wa Bweni la Tatu, Mkalimani wa Wasioeleweka, Mtunza Ndoo Zote Mbili, natangaza mbele ya mbingu na ardhi kwamba nimelipata jibu la swali lililowatoa jasho wenye hekima tangu dunia ikiwa changa, nalo ni hili: mtu ni wa wapi? Jibu nitalitoa leo, bila woga wala upendeleo, kwa faida ya vizazi vilivyopo na vitakavyokuja. Waliosimama waketi. Walioketi wasikilize.

Hayo niliyasema nikiwa juu ya ndoo, na ndoo ikapinduka. Haikuwa tupu.

Kwa hiyo jibu lilinitoka pale pale, likaenda na maji yale hadi mtaroni, na sura hii itabidi iendelee bila jibu. Vizazi vitakavyokuja vinisamehe. Jina langu lenyewe ni amri, Tumsifu, na sijawahi kumwona mtu akiitii.

Nilifika katika Nyumba ya Subira kwa kuruka ukuta wa shule. Hapa sisemi kwa mafumbo. Kila shule ya bweni ina ukuta, na kila ukuta una mahali palipochubuka kwa viatu vya waliotangulia. Unaweka mguu walipoweka wao, unajivuta, na upande wa pili kuna mama anakaanga sambusa. Ilikuwa Jumamosi mchana, mwalimu wa zamu amelala na redio yake kifuani. Niliweka mguu, nikajivuta, nikatua. Hapakuwa na mama wala sambusa. Palikuwa na askari wawili wamekaa kwenye viti vya plastiki, na mmoja akaniuliza, kwa upole mno, nimetoka wapi. Nikageuka kumwonyesha ukuta. Ulikuwa umerefuka hadi ukanitia kizunguzungu, mweupe, laini, una seng'enge juu, hauna alama hata moja ya kiatu. Nikasema nyuma yake kuna shule. Wakatazamana. Yule mpole akaniambia, "Mdogo wangu, ukuta huu una upande mmoja tu."

Neno lile nimelitafuna sana. Shuleni tulifundishwa kwamba kila kitu kina pande mbili: sarafu, jani la mgomba, hata hoja ya mkuu wa shule. Ukuta wa upande mmoja ni kitu gani basi? Inawezekana aliyeujenga huuona upande wake peke yake, na ule mwingine huachiwa wanaogonga vichwa, ambao maoni yao hayahesabiwi kuwa upande. Inawezekana kila anayeuruka huacha nyuma yake shule, kitanda, sufuria jikoni, na mara tu miguu inapogusa chini, vyote hivyo hukunjwa kama mkeka na kuwekwa mahali asipopajua. Inawezekana pia askari alikuwa na njaa na alisema lililomjia mdomoni. Falsafa nyingi zimezaliwa hivyo.

Subira ni nyumba ndefu ya bati wanamowekwa wageni wanaosubiri kuingia nchi ya askari wale. Juu ya lango wameandika methali kwa rangi ya buluu, herufi kubwa: SUBIRA YAVUTA. Neno la mwisho halikuenea upande wetu. Wanasema liko upande wa nje, na wapita njia husoma HERI peke yake wakadhani wanasalimiwa.

Ndani ya Subira wakati haupiti. Kucha hazikui, nywele hazirefuki, kidonda hakiponi wala hakizidi. Nina miaka kumi na sita, na nimekuwa nayo kwa muda ambao sioni aibu kuuita mrefu. Kidevuni nina unywele mmoja wa ndevu, ule ule, na tumeshazoeana. Nje ya uzio, lakini, wakati unakwenda kama umeiba kitu. Mbwa wa walinzi huzaliwa tukiwa tunapanga foleni ya uji. Tukimaliza kulamba bakuli, amezeeka na anasindikizwa na wajukuu zake. Mwanzoni tulikuwa tunasimama kumtazama. Baadaye tukaacha, kwa kuwa kila mbwa alikuwa na macho ya yule wa kwanza, na ilikuwa vigumu kujua kama anazaliwa au anarudi.

Nilipewa ukiranja kwa sababu naweza kusema "kwa mujibu wa" bila kucheka. Kazi yangu ilikuwa kugawa uji, kumwaga ndoo, na kuwapeleka watu mbele ya Mtegaji.

Hapa nieleze sheria ya nchi ile, maana ni fupi. Sheria yao ilikuwa kitendawili. Wapo wanaosema sheria zote ni vitendawili, lakini hao wanapamba maneno. Ya kule ilikuwa kitendawili chenyewe, kile cha watoto, cha kando ya jiko. Unaingia katika ofisi ya Bwana Lukindo, Mtegaji Mkuu, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, anayepangusa miwani yake kwa tai. Anasema, kitendawili. Unasema, tega. Anatega. Ukitegua, lango linafunguka. Ukishindwa, anatamka maneno anayoyajua kila mtu aliyelelewa na bibi: nipe mji.

Kwetu, aliyeshindwa hutoa mji wowote anaoutaka, hata asioufahamu. Mtegaji huupokea, huringa kidogo kwamba ameufikia na kupikiwa pilau huko, kisha anatoa jibu, watu wanacheka, kinategwa kingine. Kule Subira mchezo ulikuwa unaishia kwenye mji. Mji unaoutoa ndio unaokuwa kwenu. Huko ndiko unakorudishwa.

Na hakuna aliyewahi kutegua. Vitendawili vilikuwa vile vile vya siku zote, ila majibu yalikuwa yamerekebishwa. "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto wa chekechea anajua kuwa ni yai. Bwana Lukindo anatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Anaeleza kwamba lilikuwa yai, hakatai, lakini yametoka mabadiliko. Ukimwuliza jibu jipya ni lipi, anakujibu kwamba jibu halitolewi kwa mtu asiye wa hapa, na mtu wa hapa hana haja ya kuulizwa. Akimaliza hupangusa miwani. Nilimtazama mara nyingi akifanya hivyo na nikaamini kwamba alikuwa mtu mwema. Alikuwa anaipangusa kwa sababu haoni.

Sasa aingie Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi alifika langoni akiwa na binti yake Kabula, mtoto wa kama miaka saba, mwenye maswali mengi kuliko mizigo. Langoni kulikuwa na ufito uliolazwa juu ya nguzo mbili. Anayepita chini yake bila kuinama, anapita moja kwa moja hadi upande ule, kwa sababu nchi ile haikutaka isemwe kuwa inafunga watoto. Anayelazimika kuinama, anabaki. Kabula alipita na ufito ukamgusa nywele tu. Mama yake akaambiwa, usihofu, mtoto atangulie, wewe utafuata.

Utafuata. Mwalimu wetu wa sarufi alisema kiambishi "ta" huonyesha wakati ujao. Hakusema ujao kutokea wapi, wala kama una nauli. Nimemwona mwanamke mzima akiishi ndani ya kiambishi hicho kama mtu anavyoishi kwenye chumba cha kupanga: ametandika mkeka, ametundika kanga mlangoni, anafagia kila asubuhi. Utafuata. Haikuwa uongo. Uongo huwa na tarehe ya kukamatwa. Hii ilikuwa ahadi isiyo na siku, na ahadi isiyo na siku haivunjiki kamwe. Inakaa nzima kama yai, na haiangui kitu.

Kabula alichukuliwa na mwanamke mmoja wa upande ule aliyekuwa akifua nguo karibu na uzio. Mara ya kwanza kuja kumwona mama yake, alipitisha vidole kwenye matundu ya uzio na kusimulia habari za paka wa nyumba aliyofikia, paka mwenye jicho moja, na mama yake alicheka mpaka akalia. Tulipokuwa tunakunywa uji akaja tena. Alikuwa amevaa sare ya shule, kifua kimeanza kumtia aibu, sauti imepungua maneno. Akauliza mbona mama yake hazeeki. Bi Nyamizi akamwambia atazeeka vipi na wakati hauingii humu.

Wakati ule ndipo Bi Nyamizi alipoelewa hesabu, na tangu hapo alikuwa na haja moja tu duniani. Hakutaka nchi ile, hakutaka kazi, hakutaka haki, ambayo ni kitu watu wa Subira hukizungumzia wakiwa wameshiba. Alitaka yeye atoke wakati Kabula bado ni mtoto wa kulelewa. Alisema angetosheka kumsuka hata mara moja, mistari minane ya kulala, kabla binti hajaanza kusuka wa kwake.

Kwa hiyo siku ya kutegewa, alinifuata nikiwa namwaga ndoo.

"Kiranja," akasema, "nikishindwa nitoe mji gani? Nikitoa kwetu watanirudisha. Na kwetu kuna watu wenye bunduki, wamelala kitandani kwangu."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilihuzunika. Nilihuzunika, nadhani, lakini kwa pembeni, kama mtu anayesikia redio ya jirani. Akili yangu ilikuwa kwa Bwana Lukindo. Shuleni nilikuwa nimeshagundua kwamba mwenye cheo hawezi kutamka neno "sijui." Niliwahi kumwuliza mwalimu wa jiografia juu ya mto fulani, mto niliouita kwa jina la mpishi wetu, naye akatufundisha habari zake, akautafutia na chanzo. Tangu siku hiyo niliamini kwamba dunia inashikiliwa na watu wasioweza kusema sijui, na kwamba wajibu wa kijana mwenye afya ni kuwauliza.

"Mwambie Mabondeni Juu," nikasema.

"Ni wapi huko?"

"Mbali na kwenu."

"Basi inatosha," akasema. "Mungu akuzidishie, mwanangu."

Nikampeleka. Bwana Lukindo akatega nyumba yake isiyo na mlango. Bi Nyamizi akasema yai, kwa sababu ni yai. Bwana Lukindo akatikisa kichwa, akaeleza mabadiliko, akaomba mji. Bi Nyamizi akautoa kwa sauti safi ya mtu anayeamini. Mabondeni Juu.

Niliangalia dari na kuuma shavu kwa ndani. Bwana Lukindo alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Niliona jinsi neno "sijui" lilivyompanda hadi kooni, likachungulia, likaogopa, likarudi chini. Kisha akajikohoza.

"Mabondeni Juu nimefika," akasema. "Nimekula, nimekunywa, wenyeji wamenikirimu. Ila baridi yake si mchezo."

Nilicheka kwenye mkono wa shati mpaka mate yakanipalia. Niliporudi bwenini, Bi Nyamizi akiwa hayupo, nikawasimulia wote, na Hamduni, kinyozi asiye na kazi katika nyumba ambayo nywele hazikui, alicheka hadi akashikwa na kwikwi. Nikatembea kama mfalme. Kipindi kifupi baadaye nikamsikia Hamduni huyo huyo akimwambia jirani yake kwamba Mabondeni Juu ana shemeji ameoa huko, na kwamba wanawake wa huko ni wapole ila wana wivu.

Gari lilikuja kumchukua Bi Nyamizi ili arudishwe Mabondeni Juu. Likaondoka naye, likarudi naye. Dereva hakuiona njia. Likaondoka tena na dereva mwingine, likarudi. Bwana Lukindo hakuweza kusema kwamba mji haupo, kwa kuwa alikuwa ameshakula huko. Na kwa kuwa mji upo, Bi Nyamizi hakuweza kuhesabiwa kuwa mtu asiye na pa kurudi. Basi akabaki. Hapelekwi, hapitishwi. Kabla ya siku ile alikuwa mwanamke anayesubiri jibu. Sasa alikuwa mwanamke aliyejibiwa, jambo ambalo ni gumu zaidi kulikatia rufaa.

Nawaza: mji ni nini? Nyumba? Nyumba hata mchwa anazo. Jina? Jina nililitoa mimi, na ndoo mkononi. Nadhani mji ni mahali ambapo ukikosekana, mtu anauliza. Kwa kipimo hicho watu wengi wa Subira walikuwa na mji mmoja mdogo sana, wenye mwenyeji mmoja, amesimama upande wa pili wa uzio, anazeeka.

Lakini Mabondeni Juu haikungoja falsafa yangu. Iliota. Waliofuata kutegewa waliona kwamba aliyeutoa mji ule harudishwi kwenye bunduki, nao wakautoa. Ramani ikachorwa, mji ukawekwa kati ya mito miwili, mmoja ukiwa ule wa mpishi wetu, na sijui ulifikaje. Bwenini watu wa Mabondeni Juu wakaanza kukaa upande mmoja. Wakawa na watani wao. Ikasemwa kwamba hawali bamia. Mzee mmoja alilia siku nzima kwa kuukumbuka mvumo wa upepo wake kwenye mianzi, na nilipokaa kumfariji nikausikia na mimi, mianzi ikigongana, na nikajiuliza kama si mimi niliyetungwa na mji ule, ukiwa mahali fulani umekaa juu ya ndoo unacheka.

Kabula akaja tena. Safari hii alikuwa rika la mama yake. Walisimama uso kwa uso, uzio katikati, na mlinzi akasahau yupi wa ndani na yupi wa nje. Ikabidi atazame miguu, kwa sababu wa ndani hatuna viatu. Wao wenyewe walicheka. Waliitana pacha. Kabula akasema kwa sauti ya chini wabadilishane, yeye aingie, mama atoke, nani atajua. Bi Nyamizi akamtazama kwa jicho lile ambalo hata rika halilipunguzii nguvu, na shauri likaishia hapo.

Ndipo Kabula akatoa habari aliyokuja nayo. Alikuwa amekwenda kwa Bwana Lukindo, na Bwana Lukindo amemweleza utaratibu: mtu mmoja akija kutoka Mabondeni Juu, mwenyeji wa Mabondeni Juu, akasema namfahamu huyu na namdhamini, lango litafunguliwa siku hiyo hiyo. Mmoja tu. Kabula hakuwahi kusikia mji huo utotoni, lakini alidhani ni kwao mama upande wa kuzaliwa, na mlinzi alikuwa amesimama pale, na mbele ya mlinzi mtu haulizi mama yake kama kweli anatoka anakotoka.

"Naenda kumtafuta huyo mtu, mama," akasema. "Hata nikikuta kipofu, nitamleta."

Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka hapo. Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na neno lenyewe, tayari, nimelishika kama nilivyoshika ndoo. Nikafikiri: atatafuta kidogo, atachoka, atarudi jioni. Jioni yangu, maana yake. Ya kwake sikuipigia hesabu. Nikafikiri tena: nikisema sasa, Bwana Lukindo ataaibika, na mtu mnene akiaibika huangukia waliokonda, Bi Nyamizi atarudishwa kule kwenye kitanda chenye bunduki. Hii ilikuwa sababu nzuri. Sababu nzuri huwa zinakuja zimechelewa na zinahema, kama mwanafunzi wa kutwa, na unazipokea kwa sababu umechoka kusimama peke yako darasani.

Kabula akaondoka. Tukanywa uji. Mbwa akazaliwa, akazeeka. Mbwa akazaliwa.

Mvua ilinyesha nje, ndani haikunyesha. Nilimwona Bi Nyamizi akifagia mbele ya mkeka wake. Aliniambia kwamba akitoka atanipikia, maana bila mimi angekuwa ameshakufa, na hajasahau. Nikamwambia asijali. Nilisema hivyo kwa unyenyekevu mzuri sana, hata mimi nilijipenda.

Kisha akaja bibi kizee.

Alikuja kwa barabara ya vumbi, amevaa katambuga za tairi zilizotoboka visigino, na fimbo ambayo haikuwa ya mapambo. Alikuja hadi kwenye uzio akasimama, anavuta pumzi. Bi Nyamizi ndiye aliyekuwa karibu. Aliacha ufagio, akafuta mikono kwenye kanga, akainama kidogo kama mtu aliyelelewa vizuri anavyofanya mbele ya mtu mzima asiyemjua.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Bibi kizee hakuitika. Nimeona watu wakipigwa pale Subira, sitaki kusema uongo, si wengi lakini nimeona, na hakuna aliyekuwa na uso ule. Alishika uzio kwa mkono usio na fimbo. Alimtazama mwanamke yule kijana, ngozi nyororo, mgongo ulionyooka, akisubiri kuitikiwa. Kisha, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka asimwamshe, akaitika.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Bi Nyamizi akamkaribisha kwa maneno, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumkaribisha. Akamwuliza kama katika njia aliyopita hakumwona binti mmoja aitwaye Kabula, anayefanana naye kama pacha, amekwenda mahali na alipaswa awe amerudi.

"Nimemwona," bibi akasema. "Yuko njiani. Anakuja pole pole, miguu inamsumbua."

Bi Nyamizi akamshukuru Mungu. Akasema basi ni kwa sababu ya viatu, alimwambia asiende na vile viatu. Bibi akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza, kwa sauti ya kupitisha wakati tu, ni nani aliyempa mji ule wa Mabondeni Juu, maana amesikia unatajwa. Na Bi Nyamizi akageuka, uso umejaa fahari, akaninyooshea mkono.

"Huyu kijana. Kiranja wetu. Ndiye aliyenisaidia."

Bibi kizee akanitazama. Sikuona hasira. Ilikuwa mbaya kuliko hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika.

"Kumbe wewe unaujua," akasema. "Nilikuwa nauliza watu wasioujua. Nielekeze, baba. Bado nina nguvu kidogo."

Na mimi, Tumsifu, nikamwelekeza. Sijui kwa nini. Mdomo ulitangulia, mimi nikafuata. Nikamwambia ashike barabara ya lami hadi inapoishia, penye mashine ya kusaga, avuke daraja la miti, akunje kulia. Alifumba macho akisikiliza, na nikaona vidole vyake vya miguu vinajongea ndani ya katambuga, vinaifuata njia.

"Kulia nimefika," akasema. "Kuna makaburi ya watu wa reli. Mji hakuna."

"Basi ni kushoto, bibi."

"Kushoto ni chumvi tupu. Nilikaa msimu mzima, nachota, ili nipate nauli."

"Basi unakwenda mbele."

"Mbele," akasema, "ni hapa."

Akafumbua macho. Akaniomba nirudie tena, kutoka mwanzo, pole pole, asije akakosea. Nikafungua mdomo. Lami. Baada ya lami kulikuwa na nini? Nilisema mashine au msikiti? Nilisema kulia kabla ya daraja au baada? Alikuwa ananisubiri kwa adabu kubwa, ameinamisha sikio, na katika maisha yangu yote ya kuulizwa na walimu, viranja, matroni na wakuu wa shule, sijawahi kukosa uongo wa pili. Nilitafuta. Palikuwa peupe.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna nini, baba?"

"Mji. Hakuna mji. Niliutunga mimi. Nilitaka kumcheka Bwana Lukindo."

Aliliinua sikio lake. Kisha akauliza, kama anayetaka kujua kweli, "Ulicheka?"

"Ndiyo, bibi."

"Sana?"

"Sana."

Akaniambia nimwambie na yeye, akimwelekeza Bi Nyamizi kwa kidevu. Bi Nyamizi alikuwa anatutazama kwa zamu, bado ana tabasamu la mtu anayesubiri kuelezwa kichekesho. Nikamgeukia. Sikuwahi kumwita mama, nilimwita Bi kama kiranja anavyopaswa, lakini sasa neno lilinitoka. Mama, nikasema, ule mji sio mji. Hakuna mdhamini. Hakuna mtu atakayekuja kutoka huko, kwa kuwa huko hakuna mtu, hakuna huko. Lango halikuwa linakungoja. Na Kabula amezunguka nchi nzima kuutafuta kwa sababu yangu. Na huyu uliyemwamkia, mama, ndiye Kabula.

Bi Nyamizi alitazama miguu ya bibi kizee kwanza, zile katambuga. Akapanda na macho taratibu, magoti, mikono, shingo, akatua usoni, akakaa hapo muda ambao sina namna ya kuupima mahali kama pale. Hakunitazama. Alipozungumza ilikuwa ni sauti ya mama aliyemkuta mwanawe anacheza na moto.

"Kabula. Unaniitikia marahaba mimi?"

Bibi kizee aliiachia fimbo ikaanguka. Alishuka kwa goti moja, kisha la pili, kwa shida, akijishikilia kwenye uzio tundu baada ya tundu, mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Bi Nyamizi, na vidole vyake vikapita upande wa pili.

Mimi nilikuwa bado nimesimama pale. Hakuna aliyenigeukia, hakuna aliyeniuliza neno, na mdomo uliokwisha kufunguka haukujua tena kufungwa. Nikaendelea kukiri. Nikakiri chumvi niliyoitia kwenye chai ya matroni. Nikakiri viatu vya kasisi wa shule nilivyovificha. Nikakiri madirisha ya maabara, yote, hata yale aliyovunja mwenzangu. Nikakiri kengele ya shule kuanguka asubuhi ya mtihani, ambayo hakuikata mtu yeyote; kamba ilikuwa imeoza.